Kufuli la Maisaka

Mashine ilipokataa mara ya tatu, Theodory hakutukana wala hakupiga meza. Alifuta kazi yote ya tangu asubuhi, akaanza upya. Ilikuwa wiki ya tatu hakuna kitu kinachomuuma. Hata njaa aliikumbuka kwa kuangalia saa.

"Umeme tena?" aliuliza nesi Consolata kutoka mlangoni.

"Hapana. Nimeijenga programu nikasahau kufuli."

Seva, yaani programu ya kutoa kurasa kwenye intaneti, iliyokuja tayari kwenye CD ilikuwa haina kufuli. Chochote kingepita humo kingepita wazi, na mjuzi yeyote njiani angekisoma. Kwa hiyo Theodory alikwenda Arusha, akarudi na maandishi ghafi ya programu yenyewe pamoja na ya kufunga siri, akawa anaiamuru kompyuta iyasage yote kwa pamoja. Ni kama kupeleka mahindi yako mashineni badala ya kununua unga dukani: unachelewa, lakini unajua kilichomo. Tatizo, kompyuta ya kituo ilikuwa nzee na ilisaga kwa saa nne. Na Babati ilikuwa makao makuu ya mkoa mpya, sawa, lakini umeme wake ulikuwa bado na tabia za kijijini.

Kituo kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu pale Maisaka. Kila Jumanne damu za wateja zilipanda basi kwenda Arusha, kupimwa kinga ya mwili imebaki kiasi gani baada ya virusi vya UKIMWI. Majibu yalirudi vizuri tu. Shida ni kuja kuyachukua. Geti linatazama barabara, na Babati ndiyo Babati: ukionekana unaingia saa nne, saa sita mama mkwe wako ameshajua ulivaa nini. Watu wakaacha kuja. Wawili walizikwa majibu yao yakiwa bado kwenye droo.

Ndipo ukatoka mpango huu. Mtu akae kwenye duka lolote la intaneti, kama anayesoma barua ya shangazi, aandike namba yake na neno lake la siri, asome majibu yake, aondoke. Namba wateja walipewa kwa kufuatana tangu kituo kilipofunguliwa, miaka miwili iliyopita.

Theodory mwenyewe alikuwa 214. Alikuja kutengeneza printa, akaomba apimwe, kwa utani tu. Hizo ndizo zile wiki tatu.

"Umeshamwambia Mama Neema?" Consolata alimuuliza, kama alivyomuuliza kila siku.

"Bado."

"Theo."

"Akijua ataondoka. Atamchukua Neema waende kwao Meru. Nikibaki peke yangu, hizo dawa nizimeze ili iweje?" Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya maharage.

Consolata aligeukia makaratasi yake. "Basi maliza hilo kufuli. Na Jumanne usije kabisa, tunachukua damu. Kuna wanaokufahamu."

Nyumbani Mutuka, mkewe Aikande alimpakulia ugali, akamchagulia kipande kikubwa cha nyama.

"Baba Neema, hiyo kazi ya Maisaka inaisha lini?"

"Wiki hii."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita."

"Kompyuta nzee, mke wangu. Inataka kubembelezwa."

Hakucheka. Alisogeza bakuli la mboga karibu na mumewe, akaanza kumlisha mtoto. Maskini mke wangu, hajui lolote, aliwaza Theodory. Alijua hapo ndipo angetakiwa kuona aibu. Aliingoja, haikuja, akaendelea kula.

Jumatano kazi ilikubali. Seva ilijengeka na kufuli lake ndani. Akatengeneza ufunguo, akaupa neno refu la siri wanalolijua yeye na Consolata tu, kwa sababu kila umeme ukikatika mtu lazima aliandike upya, la sivyo hakuna kitakachofunguka. Alhamisi saa mbili asubuhi wakawasha. Wateja walikuwa wameshaambiwa.

Theodory aliandika 214. Kinga yake: 180. Aanze dawa mara moja. Alisoma mara mbili, akafunga ukurasa, akavaa koti.

"Naenda kuijaribu mjini," alisema. "Humu ndani hata kitu kibovu kinaweza kuonekana kizima."

Duka la Mudy, karibu na stendi, lilikuwa na mashine tano, zote zina watu.

"Fundi, mambo?"

"Poa. Nahitaji dakika tano tu."

"Kasimame nyuma ya yule mama wa mashine ya pili. Hatachelewa."

Alisimama. Mwanamke alikuwa amejifunika kitenge mpaka kwenye paji la uso. Mbele yake palikuwa na ukurasa mweupe, na Theodory aliutambua papo hapo, maana aliupanga mwenyewe, maneno matatu tu: *Andika namba yako.* Pembeni, chini ya kioo, kikufuli kidogo kilikuwa kimefungwa. Imekubali. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alisikia kitu kifuani, na kilikuwa furaha. Huyu hapa mtu mmoja, hakupita getini, hakuna atakayejua.

Akataka kuangalia pembeni, maana wateja waliahidiwa siri. Lakini kitenge kiliteleza mpaka begani.

Aikande hakugeuka. Aliandika 61 bila kuangalia karatasi yoyote, haraka, kama mtu anavyoandika jina lake.