Springi Mpya za Baba

"Umezikaza mno!" baba yake Irja alifoka akiwa juu ya pikipiki yake ya theluji. "Nani alikufundisha kazi hii, mbuzi?"

Irja aliuma meno. Asubuhi nzima alikuwa chali kwenye saruji baridi ya gereji, akitoa springi za nyuma za kiwandani na kufunga hizi alizoagiza mzee mwenyewe. Vidole vilimchubuka, na mzee hakufunga mdomo hata mara moja.

"Nimezipima kwa uzito ulionitajia, baba."

"Basi hujui kupima. Legeza!"

Akalegeza. Mwenye pikipiki akikaa na koti na buti zake, nyuma inapaswa kushuka upana wa kiganja. Mzee alipokaa, ilishuka kidole kimoja.

"Si nilikwambia? Huna unalojua wewe!"

Irja akalegeza hadi mwisho, kiwango cha mwendeshaji mwenye uzito wa mtoto.

"Kaa tena. Na usiegemee usukani!"

"Nimekaa na matako yangu yote mawili. Unataka nikaazime na ya jirani?"

Ikashuka vidole viwili, ikagoma.

Irja aliinua spana aibamize ukutani. Mkono ukasimama hewani. Alikuwa akilitazama lile koti nene, ambalo mzee hakulivua hata mezani siku ya Krismasi.

"Unanitolea macho ya nini? Rudi chini ulegeze!"

"Zimefika mwisho. Uzito ule ulionitajia, huna tena." Akaitupa spana sakafuni. "Vua koti, baba."