Kidole Gumba Kisihame

“Kidole gumba kisihame!”

Watoto arobaini na wawili wa darasa la tatu walikuwa wamefungwa vitambaa machoni, kila mmoja na kipande cha mbao mkononi, na mwalimu wao akipita katikati ya madawati kama askari wa zamu. Vipande hivyo alivikata mwenyewe kutoka mbao za makasha, akavipiga msasa mpaka vikawa laini: pembetatu, mraba, pembetano, pembesita. Kanuni yake ilikuwa moja. Kidole gumba kinakaa kwenye pembe ya kwanza kama mlinzi, cha shahada kinazunguka kikihesabu mpaka kikutane nacho. Mlinzi akihama, pembe moja itahesabiwa mara mbili, na pembetano itageuka pembesita.

Aliyekosea hivyo kila siku alikuwa mwanawe mwenyewe. Darasa zima lilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Wenzake walishika kipande mara moja wakamaliza. Chiriku alirudishwa mara tano, mara sita, mpaka machozi yakalowanisha kitambaa.

“Tena,” alisema mama yake.

“Mwalimu, nimechoka.” Shuleni hakuruhusiwa kumwita mama.

“Tena. Na usichungulie kwa chini, nakuona.”

Walimu wenzake walinong’ona kwamba mama huyo ana roho ngumu, na sijui nani angewalaumu. Mwalimu mkuu, mzee mpole asiyependa ugomvi, akamwita ofisini.

“Mwalimu, watoto hawa Mungu amewapa macho. Si wachore tu maumbo ubaoni kama wenzao?”

“Wakiyachora watayaona, mkuu. Mimi nataka wayajue.”

Mkuu akaitazama miwani minene ya mwalimu, akashusha sauti. “Nimesikia likizo ulikwenda kwa daktari wa macho. Kama kuna jambo, niambie. Nitakupunguzia vipindi. Hata kazi ya ofisini ipo.”

“Miwani yangu bado inanitosha.”

“Basi polepole, mwanangu. Haraka haraka haina baraka.”

Akaitikia kwa adabu. Methali ile ya chelewa chelewa hakuitamka. Barua ya daktari ilikuwa mkobani, chini ya boksi la chaki, na alikwisha kuihifadhi neno kwa neno: kabla mwaka haujaisha, na dawa hakuna. Siku ile daktari alimtoa Chiriku nje kwanza, akamkalisha kwenye benchi na pakiti ya biskuti, ndipo akafungua kinywa. Mama alitoka akitabasamu, akamwambia mwanawe kwamba mambo ni shwari. Tangu hapo alilala na kuamka akihesabu miezi, na sasa ilikuwa imebaki mitano. Aliogopa. Aliogopa giza lisije likafika na kazi haijaisha, na hofu hiyo ndiyo iliyomtia ukali hata pale moyo wake ulipomsihi amkumbatie mtoto waende zao nyumbani.

Naye Chiriku, kama anayemkomoa, akazidi uzembe. Mwandiko wake uliruka mistari, magoti yake hayakukauka vidonda vya kujigonga. Mama yake akamhamishia dawati la mbele kabisa.

Kisha mambo yakabadilika ghafla. Chiriku akaanza kupatia. Pembetano, sawa. Pembesita, sawa. Hakulia tena, wala hakuinua kidevu kuchungulia kwa chini ya kitambaa. Wakirudi nyumbani alimshika mama yake mkono njia nzima, jambo aliloliacha tangu darasa la kwanza akidai yeye si mtoto. Mama akaona amesamehewa, akashukuru kimoyomoyo.

Ijumaa, wenzake walipokwisha kutoka, alimfunga kitambaa kwa mara ya mwisho wiki hiyo, akampa kipande kipya ambacho hakijawahi kushikwa na mtu. Chiriku akaweka gumba mahali pake. Kidole cha shahada kikatembea polepole, pembe hadi pembe.

“Saba,” akasema. “Ni pembesaba. Tena upande huu una kibanzi, mwalimu. Hujaupiga msasa vizuri.”

Mama akacheka, cheko lake la kwanza tangu likizo, na machozi yakamtoka humo humo. Akamfungua kitambaa. Jua la alasiri lilikuwa limejaa dirishani mpaka kwenye madawati ya nyuma. Kwa utani akaichukua ile pembetatu kubwa nyekundu ya kufundishia, ambayo Chiriku aliichezea nyumbani tangu anatambaa, akaiinua mbele ya uso wake.

“Na hii je, bingwa wangu?”

Chiriku alitabasamu, macho yake wazi, akanyoosha mkono na kupapasa hewa.

“Nipe niishike kwanza, mama.”