Makoti Hayaishi

Kepteni, msimamizi wa mafundi, alikuwa bado anafagia vipande vya uzi chini ya cherehani mafundi walipoanza kuingia. Kila asubuhi alivikuta vimetapakaa, vifupi kama kope. Uzi wa siku hizi haushiki, alisema moyoni, akavimwaga ndooni.

Kisha akapanda juu ya kreti.

"Mafundi wangu! Haba na haba..."

"Hujaza kibaba!"

"Makoti haya ya walinzi atayamaliza nani?"

"Sisi!"

Sauti yake ikapanda, ikashuka, ikawakumbusha walivyoanza na cherehani moja mbovu chini ya bati linalovuja. Vigelegele vikapigwa. Shangazi, mkongwe kuliko wote, akafuta jicho.

"Huyu akihutubia maiti," alisema, "maiti ataamka aombe sindano."

Wakacheka. Kepteni naye akacheka, akashuka haraka kwenye kreti.

Wiki mbili nyuma, Tajiri mwenye karakana alikuwa amemwita ofisini, akafunga mlango. "Hii ndiyo oda ya mwisho. Koti la mwisho likitoka, nafunga, nauza cherehani. Usiwaambie, watazembea. Wewe wahimize tu, ulimi unao." Nyuma ya ukuta wa mbao cherehani ya Shangazi ilikuwa inanguruma. Ikanyamaza.

Tangu siku hiyo kila neno tamu lilimtoka likiwa shubiri. Alikuwa anawasukuma watu wake shimoni, nao wanamshangilia. Angesema, angefukuzwa, na mwingine angepanda juu ya kreti ile ile. Na mama yake mgonjwa nyumbani angekula nini?

Ajabu ni kwamba makoti hayakuisha.

"Mbona hayaishi?" Tajiri alifoka jana.

"Sijui, bosi." Kweli hakujua. Alijiona mganga asiye na dawa. Maneno yanaingia masikioni, hayafiki mikononi.

"Basi kesho sema vizuri zaidi!"

Na leo alikuwa amesema vizuri zaidi. Cherehani zilipiga kelele kutwa nzima, hakuna aliyeinua kichwa. Jioni rundo la makoti lilifika dirishani. Kesho yataisha, Kepteni aliwaza. Akaondoka bila kuaga. Angewatazamaje?

Alipofika kona ya barabara akapapasa mfukoni. Miwani ameisahau. Akarudi.

Taa ya karakana ilikuwa inawaka. Cherehani zilikuwa kimya. Kilichosikika ni mkwaruzo mdogo mdogo tu, kama panya wengi wanatafuna pamoja.

Akasukuma mlango.

Mafundi wote walikuwa wameizunguka meza kubwa, kila mmoja na koti mapajani na wembe mkononi. Hakuna aliyeshtuka. Shangazi alisogea kwenye benchi, akampisha nafasi, akamnyooshea wembe.

"Kaa, mwanangu. Leo umehutubia vizuri mno. Tusaidie kufumua, kesho tuwe na kazi."