Bamba la Shaba na Nikeli

Sabra alilisugua bamba la adui yake kwa ukwaju na majivu, taratibu, kama mtu anayeng'arisha sinia la harusi. Masoud, mumewe, alisimama mlangoni akimtazama, roho inamuuma.

"Kitu chenyewe ndicho hicho?" aliuliza.

Ndicho. Aloi, mchanganyiko wa shaba na nikeli, upana wa kiganja. Ukilitia kwenye majitaka na kulipitishia umeme, hukamata nitrati iliyomo na kuigeuza amonia, na amonia ni mbolea. Kesho yake Edgar, meneja wa kiwanda kilicho nje ya mji, barabara ya Pangani, angewaonyesha matajiri kutoka Dar maajabu hayo.

Masoud alimsihi alivunje, Edgar aumbuke mbele ya wageni wake. "Huyu katuulia mtoto, mke wangu. Wewe unamsugulia?"

"Nasugua. Na kesho uje getini na pikipiki."

Chuki ya Sabra ilikuwa imeshakomaa, na chuki iliyokomaa haina haja ya kelele. Rahimu wao alikuwa na miezi mitatu midomo yake ilipogeuka buluu, kwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima kilicho chini ya bomba la kiwanda. Daktari alisema ni nitrati iliyomo majini, huinyima damu ya mtoto hewa. Wakashtaki. Edgar akaapa mahakamani, Biblia mkononi, kwamba maji yanayotoka kiwandani kwake ni safi; hakimu akasema walalamikaji hawana ushahidi, kesi ikafutwa.

Siku hiyo Sabra alikuwa kitandani, hajiwezi. Ndiyo maana mwaka uliofuata, alipokwenda kuomba kazi ya maabara kwa cheti chake cha chuo na jina la baba yake, Edgar hakumjua. Alimpokea kwa mikono miwili. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mwenye furaha hakagui nguo.

Wageni walipofika, Sabra alichota maji kwenye bomba lenyewe la majitaka, akalitumbukiza bamba, akawasha umeme. Edgar alizunguka meza kama bwana harusi. Kule getini Masoud alikuwa akimwomba Mungu bamba lile lipasuke.

Halikupasuka. Baada ya saa mbili harufu ya amonia iliwatoa wageni machozi, na Sabra alipodondosha dawa ya kupimia, chupa nzima iligeuka buluu iliyokoza. Aliijua rangi ile. Akaiinua chupa wageni waione.

Mama mmoja miongoni mwa wageni akauliza kama kweli hakuna kilichoongezwa majini. Swali lilimchoma Edgar.

"Mama, hili ni jasho la kiwanda changu. Maji ni haya haya tangu tulipofungua, miaka sita sasa, hatujabadili kitu."

Sabra akashauri kwa adabu kwamba maneno hayo yaandikwe, mtu asije akasema yalikuwa mazingaombwe. Edgar akaona binti ana akili. Akamwandikisha yote: bomba gani, miaka mingapi, nitrati kiasi gani, na kwamba hakikuongezwa hata chembe. Akatia sahihi na mhuri nakala tatu, wageni wawili wakashuhudia.

Nakala ya kwanza walichukua wageni. Ya pili ikaingia kwenye faili. Ya tatu Sabra alitoka nayo hadi getini, akamweleza Masoud pa kuipeleka, na pikipiki ikaondoka.

Aliporudi, Edgar alikuwa bado anapeana mikono na watu.

"Umenipandisha chati leo, binti yangu," alimwambia. "Na ile ya tatu ya nani?"

"Ya hakimu, bosi," alijibu Sabra. "Yule uliyemwapia kwamba maji haya ni safi."