Maji ya Kunawa

Doreen alikuwa anapanda gari la msaada kurudi Morogoro mjini, bibi mmoja aliyegawiwa unga asubuhi ile alipomshika mkono na kumvuta hadi uani kwake.

Mkekani palikuwa na ugali uliokuwa ukifuka mvuke, na bakuli la mlenda. Bibi alichota maji kwenye ndoo aliyojaziwa na akina Doreen, akainua kopo.

"Nawa, mjukuu wangu."

Doreen alirudisha mikono nyuma. Huku Ngerengere ukosefu wa mvua ulikuwa umewakatisha watu tamaa. "Asante, bibi. Hiki chakula ni chako. Sisi tutakula mjini."

Bibi hakushusha kopo. Tone moja lilining'inia ukingoni bila kuanguka.

"Tangu ukame uanze sijamkaribisha mtu," alisema taratibu. "Leo nina unga, nina maji, nina mgeni. Unataka kunirudisha kwenye njaa?"

Barabarani, dereva alipiga honi.

Doreen alivua viatu, akakaa mkekani, akakinga mikono. Maji yalikuwa ya baridi.

"Bibi," alisema, "dereva wetu naye hajala."

Bibi alicheka kama msichana, kisha akapaza sauti kuelekea barabarani:

"Wewe baba, zima gari!"