Kikorea cha Gidamis

Gidamis alikuwa anamtongoza ng'ombe kwa Kikorea.

"Toyoire, kachi pap mogulleyo?" alimwambia, huku akimtoa kupe sikioni. Jumamosi, twende tukale pamoja? Ng'ombe akamchapa mkia usoni.

"Hata huyo amekukataa," alisema mdogo wake, Gerald, akisukuma pikipiki kuitoa nje ya boma.

"Cheka tu. Jumamosi nitakuwa Katesh, nakula kuku na Enji."

Gerald hakucheka tena. "Kaka, kuhusu Enji, kuna jambo..."

"Unaogopa nitakuaibisha kwa bosi wako? Endesha pikipiki yako."

 Gerald akawasha pikipiki, akaondoka.

Enji jina lake hasa lilikuwa Eun-ji. Alikuja Getanuwas na mradi wa kuchimba visima, na Gerald alikuwa dereva wake. Sasa mradi ulikuwa unafungwa. Wakorea wenzake walishaondoka na mitambo yao. Yeye alibaki peke yake, na watu walikuwa wanaulizana anangoja nini.

Gidamis alijua anangoja nini. Dalili alikuwa anaziona.

Mwanzoni Enji alikuwa anapita bomani anapaza sauti, "Mzee Gwandu! Hujambo, Mzee Gwandu!" Baba yake Gidamis alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Siku hizi akimwona baba anainamisha kichwa, anasema "mzee" tu, tena kwa sauti ya chini. Shikamoo ya mama haimpiti. Amevaa bangili za shaba alizopewa na mama. Mwanamke haanzi kuwaonea haya wazazi wako bure.

Kwa hiyo alijifunza. Shule aliishia darasa la tano, lakini simu haiulizi cheti. Kila jioni alipanda kichuguu kirefu, mahali penye mtandao, akarudia sentensi ile moja mpaka taya zikauma. Aligundua kwamba Kikorea nacho kina heshima yake, na kwamba ile "yo" ya mwisho usipoiweka ni kama umempita mkubwa bila kumwamkia. Akaishika hiyo "yo" kwa mikono miwili.

Hakuwa na njia nyingine. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Wazee walimposea mke kule Tumati, wakarudi na hapana. Wakaenda Bassotu, hapana. Na kwao mdogo haoi kabla ya mkubwa.

"Umesimama mlangoni, baba," mama alimwambia asubuhi ile walipokuwa wanapeleka ng'ombe kwenye chanjo. "Wewe huingii, na mwenzio hapiti."

"Leo napita, mama."

Mama alimtazama kwa huruma, akafungua mdomo kusema kitu. Lakini zamu yao ilikuwa imefika.

"Mwenye ng'ombe?" aliuliza karani wa chanjo, kijana mgeni kutoka Babati.

"Gwandu," alisema mama. "Ni mume wangu."

"Gwandu nani?"

Mama akaziba mdomo kwa kiganja, bangili zikagongana.

"Mama, nakuuliza jina la pili. Gwandu nani?"

Watu kwenye foleni wakacheka. "Wewe karani, unataka ataje jina la baba mkwe wake?" mzee mmoja alimwambia. "Huyu ni mke wa Kibarabaig. Hata ukimpa ng'ombe kumi hataji."

"Magena," alisema Gidamis. "Andika Gwandu Magena, tuondoke."

Mchana alivaa koti lake la kuhudhuria harusi za watu, akaenda kisimani. Enji alikuwa anafunga nati za pampu. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo, na walipoliona koti wakanyamaza wote.

Gidamis alivua kofia. Alisahau kila kitu, kisha akakumbuka.

"Toyoire, kachi pap mogulleyo?"

Spana ilimtoka Enji mkononi.

"Umejifunza lini, Gidamis?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Mwezi mzima. Na 'yo' nimeiweka."

"Nimeisikia." Macho yake yalianza kulowa. "Hawajakuambia?"

"Wameniambia mradi umekwisha. Ndiyo maana nimekuja leo, kabla hujaondoka."

"Siondoki."

"Huondoki? Basi sema ndiyo! Ni chakula tu. Kama kuku hutaki, tutakula wali maharage."

"Gidamis, rudi nyumbani. Zungumza na mama."

"Mama ataniambia nini? Nimechoka kutumiwa majibu na watu." Sauti ilimpasuka, na wanawake wakainamia ndoo zao. "Nakuomba. Mimi sina pengine pa kwenda. Nimeona unavyotuonea haya pale nyumbani. Unafikiri sijaona? Zamani ulikuwa unamwita baba kwa jina lake mpaka mbwa wanabweka. Sasa huwezi. Kwa nini huwezi, kama si kwa ajili yangu?"

Enji aliinama, akaokota spana.

"Haya. Mwite kama zamani. Sema 'Mzee Gwandu', mara moja tu, mbele ya hawa. Ukiweza kulitamka hilo jina, basi nimejidanganya. Nitavua koti hili na sitakusumbua tena."

Enji alifungua mdomo. Kisha akauziba kwa kiganja, bangili zikagongana.

"Siwezi, shemeji," alisema.