Samaki Aliyeujua Mdomo Wake

Sebuleni mwa watu waliishi samaki wawili wadogo wenye mistari, Mashavu na mdogo wake Kibibi. Ulipofika wakati wa kutaga, mwenye nyumba alimtenga kila mmoja kwenye tangi lake la kioo, ubavuni mwa tangi kubwa la wenzao.

Kibibi alipomaliza kutaga tu, aliuona wavu wa mwenye nyumba majini, akajiingiza mwenyewe, akarudishwa kwa wenzake.

"Huna haya!" Mashavu alimfokea kupitia kioo. "Unatupa mayai yako? Mimi sing'oki hapa. Nitayalinda yangu mpaka yaanguliwe."

"Haya, linda, dada. Mimi nina njaa, na najijua."

Wavu ulipomfuata Mashavu, alijificha kwenye majani mpaka mwenye nyumba akachoka naye. Basi akalinda. Akala yai moja aliloliona bovu. Akala la pili kwa kuwa lilikaa karibu na lile bovu. La tatu alilihurumia, maana lilibaki peke yake pale pembeni.

Mayai ya Kibibi yalipoanguliwa, tangi lilijaa vitoto vinavyogeuka vyote kwa pamoja. Tangi la Mashavu lilikuwa maji matupu, na mlinzi wake amenenepa.

"Mama gani wewe, uliyewakimbia wanao?" Mashavu aliuliza.

Kibibi alipita mbele ya kioo taratibu, mapezi wazi, wenzake wote wakimtazama.

"Mama wa hao wote unaowaona. Niliwakinga na mdomo wangu mwenyewe. Wewe, dada, umewalinda wako mpaka wakaisha."